Tovuti ya Bure kwa Biashara Yako: Chagua Zana Isiyokufungia Nje

Wateja wetu wenye till hutuuliza swali moja kwa namna nyingi: "Nataka tovuti ndogo tu, ya bure. Nianzie wapi?" Wengine ni mafundi wa samani, wengine wanapika keki za harusi, wengine wanakodisha mahema na viti. Ukiandika swali hilo kwenye Google, utaletewa majina hata ishirini. Kila moja linajisifu kuwa rahisi, la bure na bora kuliko yale mengine. Baada ya nusu saa bando limeisha, na wewe bado hujui uchague lipi.

Basi leo tumeamua kulijibu kikamilifu. Tutakupa majina, ndiyo, lakini kabla ya majina tunataka ukumbuke jambo moja: karibu zana zote hizi zinaweza kukujengea ukurasa unaopendeza. Urembo si tatizo. Tatizo huja mwaka mmoja au miwili baadaye, pale unapotaka kubadilisha bei ukagundua huna neno la siri, au kampuni inapofunga huduma yake wakati anwani ya tovuti umeshaichapisha kwenye mabango, risiti na gari la kubebea mizigo. Kwa mtu anayepokea pesa kupitia ukurasa huo, hilo si jambo dogo. Mteja akifungua anwani yako akakuta haipo, hafikirii kwamba kampuni ya Marekani imebadilisha masharti. Anafikiri wewe ndiye umetoroka.

Kwa hiyo tutachagua zana kwa kuangalia mlango wa kutokea, si sebule peke yake.

Kwanza, unahitaji tovuti kweli?

Tuseme ukweli: si kila biashara inahitaji tovuti. Kama unauza mboga mtaani na wateja wako wote wanapita hapo kila jioni, till iliyobandikwa vizuri na namba ya WhatsApp inatosha. Programu ya WhatsApp Business ni ya bure, na ina sehemu ya katalogi unayoweza kuweka bidhaa zako na bei. Pia unaweza kusajili biashara yako bure kwenye Google ili ionekane kwenye ramani, pamoja na saa za kufungua na namba ya simu. Kwa wengi, hizo mbili zinamaliza kazi.

Tovuti inaanza kuwa na maana pale mteja anapohitaji kusoma kabla ya kukuamini. Mtu anayetaka kukupa kazi ya kupika chakula cha watu 200 anataka kuona kazi ulizofanya, bei zinaanzia wapi, malipo ya awali ni kiasi gani, na kazi ikiahirishwa pesa inarudi vipi. Mambo hayo huwezi kuyaeleza kwa status ya WhatsApp inayopotea baada ya saa 24. Ukiwa na ukurasa, unamtumia linki moja tu. Shule ndogo, chama chenye miradi, mwalimu wa muziki, fundi wa umeme anayetafuta kazi mbali na mtaa wake: hawa wote ukurasa utawasaidia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini lazima kwanza kionekane.

Maswali matatu kabla ya kuchagua zana

La kwanza: akaunti ni ya nani?

Hili ndilo linaloumiza watu wengi, na halina uhusiano wowote na kompyuta. Mwenye biashara anampa kazi mpwa wake, au kijana wa saiba, au rafiki anayejua mambo ya mitandao. Kijana anafungua tovuti kwa barua pepe yake mwenyewe kwa sababu ni haraka. Tovuti inatoka safi kabisa. Miezi minane baadaye kijana amepata kazi Mombasa, amebadilisha laini, na yeye mwenyewe hakumbuki neno la siri. Hana nia mbaya. Lakini kiufundi, tovuti ni yake. Wewe ni mgeni kwenye duka lako.

Fungua barua pepe ya biashara kwanza, kwa jina la biashara, kwa simu yako. Weka uthibitishaji wa hatua mbili, ili mtu akitaka kuingia kwa simu ngeni, lazima athibitishe kupitia simu yako. Halafu yule kijana aje ajenge akiwa ndani ya akaunti hiyo. Nyingi ya zana tutakazotaja zinakuruhusu kumwalika mtu asaidie kwa barua pepe yake bila wewe kumpa neno lako la siri. Akimaliza kazi, unamwondoa. Urafiki unabaki, tovuti inabaki.

La pili: nikitaka kuondoka, nitabeba nini?

Kitu cha bure kinaweza kufungwa, na hufungwa. Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009, na kurasa za watu wengi zilizokaa huko kwa miaka zikaondoka nayo. Kampuni ya Freenom, iliyokuwa ikigawa anwani za bure zinazoishia na .tk, .ml na nyinginezo, ilisimamisha usajili mpya mwaka 2023, na mwaka 2024 ikatangaza kwamba inaacha biashara hiyo. Hata Google, kubwa jinsi ilivyo, mwezi Machi 2024 ilizima tovuti zote zilizojengwa kwa zana ya bure iliyokuwa ndani ya akaunti za biashara za ramani. Kwa muda mfupi aliyefungua anwani ya zamani alipelekwa kwenye maelezo ya biashara kwenye ramani. Njia hiyo nayo ikafungwa mwezi Juni mwaka huo huo.

Hatukuambii haya ili uogope vya bure. Tunakuambia ili uulize mapema: maneno yangu na picha zangu nitazitoa vipi? Anwani yangu nitaondoka nayo?

La tatu: itafunguka kwa simu ya mteja wangu?

Wewe unaweza kuijenga kwa laptop yenye Wi-Fi. Mteja wako ataifungua akiwa kwa matatu, kwa simu yenye skrini iliyopasuka na bando la shilingi 20. Ukurasa ukichelewa kufunguka, atarudi kwa Facebook. Zana unayochagua lazima itengeneze ukurasa unaosomeka kwa simu bila kukuza maandishi kwa vidole.

Zana zenyewe

Hizi sita zote zina mpango wa bure, na hazihitaji ujue kuandika programu. Hatulipwi na yeyote kati ya hawa. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wao wa bei siku unayojisajili.

Google Sites. Ukiwa na akaunti ya Gmail, tayari unayo. Haiweki matangazo kwenye ukurasa wako. Anwani yako itaanza na sites.google.com/view kisha jina ulilochagua. Unaweza kuunganisha anwani yako mwenyewe bila kuilipa Google chochote. Ubaya wake: miundo ni michache, haina duka la kuweka bidhaa kwenye kikapu, na kuijenga kunahitaji kompyuta. Kama huna, keti saiba kwa saa moja ukiwa umeshaandaa kila kitu, na ukumbuke kutoka kwenye akaunti yako kabla ya kuondoka. Kwa mtu anayetaka kurasa tatu au nne safi za kueleza huduma, hii ndiyo tungeijaribu kwanza.

Blogger. Ni ya siku nyingi. Ilianza mwaka 1999 na Google ikainunua mwaka 2003. Wengi wanaiona ya kizamani, lakini isikudanganye. Anwani ya bure huishia na blogspot.com, unaweza kuunganisha anwani yako mwenyewe bila malipo kwa Google, na unaweza kupakua nakala ya akiba ya maandishi yako yote. Inafaa zaidi mtu anayeandika kitu kipya mara kwa mara: mkulima anayetoa ushauri wa kuku, mwalimu anayeweka masomo, mpishi anayeweka mapishi.

WordPress.com. Mpango wa bure unakupa anwani inayoishia na wordpress.com na nafasi ya GB 1. Wao huweka matangazo kwenye ukurasa wako, na ili utumie anwani yako mwenyewe, lazima ulipie mpango. Nguvu yake iko kwenye mlango wa kutokea. Programu ya WordPress yenyewe ni huria, haimilikiwi na kampuni moja, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hapa Kenya zinaitumia. Unaweza kupakua maandishi yako na kuyapandisha kwa kampuni nyingine biashara ikikua. Mwanzoni itakuchanganya kidogo kwa sababu vitufe ni vingi. Jipe wiki mbili.

Wix. Hapa unaburuta kitu kwa kidole au kipanya na kukiweka unapotaka, na miundo mizuri ni mingi sana. Mpango wa bure huweka bango la Wix juu ya ukurasa wako, na anwani inakuwa ndefu, yenye neno wixsite.com katikati. Anwani yako mwenyewe ni mpaka ulipe. Jambo la kujua: huwezi kuibeba tovuti nzima ya Wix ukaipeleka kwa kampuni nyingine. Siku ukiondoka, unajenga upya. Kama unaona utalipia na kubaki huko, sawa. Kama unataka bure ya muda mrefu, fikiria tena.

Carrd. Hii ni ya ukurasa mmoja tu: jina, picha, huduma, bei, namba, basi. Akaunti ya bure inakuruhusu kujenga kurasa tatu, na anwani huishia na carrd.co. Chini kabisa huwa na maandishi madogo ya Carrd. Kurasa zake ni nyepesi, kwa hiyo hufunguka haraka hata mtandao ukiwa dhaifu. Kwa kinyozi, mpiga picha au fundi wa simu, inaweza kutosha kabisa.

Canva. Kama tayari unatumia Canva kutengeneza mabango ya WhatsApp, unaweza kugeuza muundo wako kuwa ukurasa wa tovuti na kuuchapisha bure, kwa anwani inayoishia na my.canva.site. Inafanya kazi hata kwa simu. Hatari ni moja: watu huweka maneno yote ndani ya picha. Google haisomi picha vizuri kama inavyosoma maandishi, na si rahisi kwa mteja kunakili namba yako ya till iliyo ndani ya picha. Andika namba na bei kama maandishi ya kawaida.

Umeona tofauti? Hakuna iliyo bora kwa wote. Ukitaka muhtasari: kurasa chache za huduma, Google Sites. Kuandika mara kwa mara, Blogger. Biashara unayotaka ikue na kuhama, WordPress.com. Ukurasa mmoja mwepesi, Carrd. Umezoea mabango na unatumia simu tu, Canva. Unapenda urembo na uko tayari kulipa baadaye, Wix.

Kitu kimoja cha kulipia

Kama utatoa pesa mahali pamoja tu, toa kwa anwani. Anwani yako mwenyewe ndiyo ufunguo wa ule mlango wa kutokea tuliosema. Ukiwa na jina lako linaloishia na .co.ke, leo unaweza kuielekeza kwenye Google Sites, mwakani ukaielekeza kwa WordPress, na mteja mwenye risiti ya zamani asijue kuwa kuna kilichobadilika. Mabango hayachapishwi upya.

Anwani za Kenya zinasimamiwa na shirika la KeNIC, na wewe huzinunua kwa wasajili walioidhinishwa nalo. Orodha ya wasajili iko kwenye tovuti ya KeNIC, na wengi wao wanapokea malipo ya simu. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, shule .sc.ke, na mtu binafsi anaweza kutumia .me.ke. Bei hutofautiana kati ya msajili mmoja na mwingine, na hulipwa kila mwaka. Usiangalie ofa ya mwaka wa kwanza peke yake. Uliza mwaka wa pili ni pesa ngapi.

Mambo matatu hapa yasikupite. Anwani isajiliwe kwa jina lako na barua pepe ya biashara yako, si ya aliyekujengea. Weka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla ya siku ya kulipia tena. Na ukiamua kuacha biashara, tangaza mapema kabla ya kuiacha anwani iishe. Anwani iliyoisha inaweza kununuliwa na mtu yeyote. Fikiria mgeni akiweka ukurasa unaofanana na wako, wenye till yake, kwenye anwani ambayo wateja wako wameshaizoea. Shilingi chache za kila mwaka zinazuia hilo.

Picha ndizo hula bando

Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kuwa na MB 3 au 4. Weka picha kumi za MB 4 na umeshafika MB 40 kabla mteja hajasoma neno moja. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi KB 150 kila moja, zote kumi ni MB 1.5 tu, na kwenye skrini ya simu macho hayataona tofauti. Baadhi ya zana hupunguza picha zenyewe, lakini usizitegemee. Tumia Squoosh, zana ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote: unaweka picha, unapunguza upana na ubora, unapakua.

Njia nyingine ya mtaani ni kujitumia picha kwa WhatsApp kisha kuihifadhi upya, kwa sababu WhatsApp hupunguza picha za kawaida. Haitatoka sawasawa kila mara, lakini ni afadhali kuliko kupandisha picha kama ilivyotoka kwa kamera.

Sehemu ya malipo: hapa tunaomba uwe makini

Zana hizi za bure hazitakuletea kile kidirisha kinachotokea kwenye simu ya mteja kikimwomba aweke PIN. Hicho kinahitaji mtu wa kuandika programu na kuiunganisha na mfumo wa malipo. Habari njema ni kwamba biashara ndogo haikihitaji ili ianze. Unahitaji maelezo yaliyo wazi. Andika hivi:

Namba ya till au paybill, kwa maandishi yanayoweza kunakiliwa. Kama ni paybill, eleza mteja aandike nini kama namba ya akaunti.

Jina la biashara litakalotokea kwenye ujumbe wa uthibitisho. Hili watu hulisahau. Kama ukurasa unasema "Mahema ya Kisasa" lakini till imesajiliwa kwa jina lako la kuzaliwa, mteja atasita, na ana haki ya kusita. Andika waziwazi: "Ukilipa utaona jina hili." Hata mwizi akinakili ukurasa wako, mteja anayejua jina la kutarajia ana nafasi ya kushtuka kabla pesa haijaenda, au kuripoti mapema ikiwa imeshaenda.

Kiasi cha malipo ya awali, na lini pesa hurudishwa. Sentensi mbili zinatosha. Zitakuokoa na ugomvi.

Namba ya kupiga na linki ya WhatsApp. Linki hiyo unaitengeneza mwenyewe: andika https://wa.me/254 kisha malizia na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo na bila nafasi katikati. Mteja akiibofya, mazungumzo yanafunguka.

Na haya usifanye kamwe. Usiweke fomu inayomwomba mteja PIN yake, hata kama mtu amekuambia ni ya "kuthibitisha". Sisi hatuombi PIN, na tovuti yako isiombe. Usiweke namba yako ya kitambulisho. Usikubali skrinshoti ya mteja kama ushahidi wa malipo. Angalia ujumbe uliokuja kwenye simu yako au taarifa ya akaunti yako kabla ya kutoa bidhaa. Na mtu akikupigia akisema anatoka kwetu na anataka kukujengea tovuti ya bure ukimpa PIN au ule msimbo uliotumiwa kwa SMS, kata simu, kisha utupigie kwa namba yetu rasmi.

Kuna kile kialama cha kufuli kinachoonekana kando ya anwani kwenye baadhi ya vivinjari. Zana zote tulizotaja zinakiweka bila malipo. Kinaonyesha kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa njiani. Hakionyeshi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Kumbuka hivyo hata wewe unaponunua kwa wengine.

Kama utaweka fomu ya wateja kuacha majina na namba zao, ujue kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kwa lugha rahisi: mwambie mteja unachukua namba yake kwa kazi gani, chukua unachohitaji tu, na usimtumie matangazo kama hakukubali. Namba ya mtu aliyeagiza keki haimaanishi ameomba SMS kila Ijumaa.

Anza hivi wikendi hii

Ijumaa jioni, kabla ya kugusa zana yoyote, andika kwenye karatasi au kwenye simu majibu ya maswali matano: unafanya nini, uko wapi, bei zinaanzia ngapi, mtu analipa vipi, na anakupata vipi. Hayo ndiyo maneno ya tovuti yako. Chagua picha tano zako mwenyewe, si za kuokota mtandaoni. Picha ya meza uliyotengeneza, hata kama si kamilifu, inauza kuliko picha ya meza ya Ulaya ambayo mteja ameshaiona kurasa kumi.

Jumamosi, fungua barua pepe ya biashara, weka uthibitishaji wa hatua mbili, chagua zana moja na ujenge ukurasa mmoja. Mmoja tu. Ukitaka kulinganisha zana mbili, jenga ukurasa ule ule kwa zote mbili na uone ni upi umekusumbua kidogo. Usilipe chochote bado.

Jumapili, zima Wi-Fi. Mpe simu ya kawaida mtu ambaye hajui biashara yako: mama yako, jirani, binamu. Usimwelekeze. Mwambie tu, "Tafuta bei, kisha uniambie ungelipa vipi." Akikwama, usimlaumu. Pale alipokwama ndipo pa kurekebisha.

Halafu subiri mwezi mmoja. Ukiona watu wanaifungua na kupiga simu, nunua anwani yako ya .co.ke na uiunganishe. Wasipoifungua, umepoteza wikendi moja na bando kidogo, basi.

La mwisho ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tovuti ni mali. Andika mahali pamoja: barua pepe iliyofungua tovuti, jina la zana, msajili wa anwani na tarehe ya kulipia tena, na kila mahali ulipoandika namba yako ya till, kuanzia tovuti, Facebook, bango hadi kadi. Neno la siri usiliweke humo; liweke kando, mahali salama. Siku ukibadilisha till, pitia orodha hiyo yote. Bango la zamani lenye till iliyofungwa ni hasara. Lenye till iliyobaki na mtu mliyeachana naye kibiashara ni hasara kubwa zaidi.

Mwonyeshe daftari hilo mtu mmoja unayemwamini, ili ukiugua au ukisafiri, duka lisifungwe kwa sababu ya neno la siri. Kama una swali kuhusu till au paybill yako kabla ya kuiandika kwenye ukurasa, tupigie au utuandikie kupitia programu yetu. Tutakuangalizia jina lililosajiliwa, na ndilo utakaloandika.